Umeuliza nyoka, nakujibu kupe

"Daktari, nina mbwa wa miaka mitatu, chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, kilo kama 27, jina lake Simba. Kila Jumamosi naenda naye msitu wa Karura, tunatembea kilomita nane hivi hadi kwenye maporomoko, na mara nyingi namfungua aingie mtoni ajipoze. Hofu yangu kubwa ni nyoka. Jirani amenipa jiwe la nyoka na kuniambia nisikose kubeba maziwa. Pia nimeshauriwa nimwogeshe kwa dawa ya ng'ombe, kwa kuwa mwezi uliopita nilimtoa kupe saba. Wiki mbili baadaye alizubaa siku tatu, akakataa chakula, lakini alipona mwenyewe. Desemba tunaenda kwa shangazi yangu Kwale na ningependa twende naye, tutembee porini na kando ya mto. Je, niendelee na matembezi haya au niache kabisa?"

Usiache. Mbwa wa miaka mitatu mwenye damu ya German Shepherd akifungiwa uani wiki nzima atakula viatu, kisha makochi, kisha uvumilivu wako. Lakini Jumamosi hii msiende. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale uliposema alizubaa siku tatu, akakataa chakula, akapona mwenyewe. Umelipita jambo hilo haraka ukielekea kwa nyoka. Mimi nalirudia, kwa sababu huenda Simba hajapona.

Kupe saba, halafu baada ya wiki mbili mbwa anazubaa na kususa chakula. Daktari yeyote wa mifugo hapa Nairobi akisikia maneno hayo kwa mpangilio huo, atakachofikiria kwanza ni erlikia. Hiki ni kijidudu kinachobebwa na kupe na kupenya ndani ya chembe nyeupe za damu, zile zile zilizowekwa kulinda mwili. Kwa kawaida dalili hujitokeza kati ya wiki moja na tatu baada ya kupe kuuma: homa, uchovu, kukosa hamu ya kula, pengine machozi na makamasi. Kisha mwili hupambana, homa hushuka, mbwa anarudi kuchezesha mkia, na mwenye mbwa anashukuru Mungu. Kijidudu hakijatoka. Kinaweza kujificha kwenye bandama kwa miezi, hata miaka, huku kikipunguza polepole chembe sahani, zile zinazoziba damu isivuje. Ndiyo maana naletewa mbwa anayevuja damu puani, fizi nyeupe kama karatasi, na mwenyewe anaapa kuwa hajawahi kuugua. Aliugua. Ilikuwa ni zile siku tatu za mwaka jana ambazo kila mtu amezisahau. Wakati huo uboho unaotengeneza damu huwa umechoka, na dawa ambayo ingefanya kazi vizuri mwanzoni inashindwa.

Kuna mwenzake, babesia, ambayo huishi ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua. Hiyo haina subira. Fizi hupauka au kuwa njano, mkojo huwa wa rangi ya chai ya rangi au kahawa, na mbwa anaweza kufa ndani ya siku chache. Kama Simba angepata babesia kali, pengine usingeniandikia ukiuliza habari za nyoka.

Yawezekana pia kwamba alikula mzoga tu, tumbo likamvuruga. Sina njia ya kujua nikiwa nimekaa hapa, na hakuna atakayejua kwa kumtazama. Mpeleke akatolewe damu. Omba ihesabiwe, chembe sahani zikiwemo, na itazamwe kwa hadubini. Kwenye kliniki nyingi utapata pia kipimo cha haraka cha erlikia. Ikipatikana, dawa yake kwa kawaida ni doksisaiklini kwa siku 28, ikitolewa pamoja na chakula. Nakuomba usiinunue agroveti kwa kubahatisha. Wanaofanya hivyo huacha siku ya saba mbwa anapoanza kula, na hapo ndipo tunaporudi kwenye hadithi ya kujificha.

Sasa, wale kupe walitoka wapi? Wewe umeshautupia msitu lawama, na huenda msitu unasingiziwa. Kupe anayebeba erlikia ni yule wa kahawia, na makao yake makubwa hayako kwenye majani ya Karura bali kwenye kibanda cha mbwa. Ananyonya damu, anajidondosha, anapanda ukutani na kujipenyeza kwenye nyufa, nyuma ya mbao, chini ya lile gunia analolalia Simba. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai, na kupe mwenye njaa anaweza kusubiri miezi mbwa apite. Chukua tochi usiku, umulike nyufa za kibanda. Ukiwaona wanatembea ukutani, umepata jibu. Msituni nako wapo kupe wa aina nyingine, wanaokaa kwenye ncha za nyasi ndefu wakingoja kitu chenye joto kipite, na baadhi yao hubeba babesia. Kwa hiyo ni vita vya mahali pawili, na ukipigana Karura huku umeacha kibanda, unateka maji kwa pakacha.

Kuhusu dawa ya ng'ombe: tafadhali, hapana. Nyingi ya dawa zinazouzwa kwa ajili ya josho zina amitrazi au sumu kali za kundi jingine, na zimepangwa kwa ng'ombe wa kilo mia tatu ambaye hawezi kujilamba mwili mzima. Mbwa anajilamba. Mtu anapima kwa kizibo cha chupa, anaongeza kidogo "ishike", na jioni mbwa hawezi kusimama: mapigo ya moyo yamepungua, mwili umepoa, anatapika, macho yanamtazama mtu bila kumwona. Sumu ya amitrazi ina dawa ya kuikabili, mradi mbwa aletwe mapema na uje na chupa tuisome. Zile nyingine huleta mate mengi na kutetemeka, nazo haziachi muda mwingi. Nimewahi kuletewa mbwa watatu wa nyumba moja kwa siku moja kwa sababu ya ndoo moja ya maji ya josho. Mwenye ndoo alikuwa ameambiwa na jirani. (Majirani zetu wangesajiliwa na bodi ya madaktari, sisi tungekosa kazi.)

Zipo tembe za kutafuna zilizotengenezwa kwa mbwa. Nyingine hudumu mwezi mmoja, nyingine kama miezi mitatu, na hupimwa kwa uzito. Zipo pia kola za dawa na matone ya kumwagia mgongoni. Tembe ni ghali, sitakuficha, lakini weka bei hiyo kando ya gharama ya kumtibu mbwa aliyeishiwa damu. Kama umewahi kuona kifafa kwa Simba, mwambie daktari kabla hajakupa. Kama una paka nyumbani, uliza kuhusu matone, maana baadhi yake yana dawa inayoua paka. Ujue pia kwamba kupe hufa baada ya kuuma, na erlikia inaweza kupita ndani ya saa chache tu. Kwa hiyo dawa haikuondolei kazi ya kumkagua kila mnaporudi: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkanda wa shingo, kwapani, kinenani, chini ya mkia. Mtoe kupe kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta moja kwa moja bila kumpinda. Usimmwagie mafuta ya taa wala kumchoma kwa njiti. Na usimpasue kwa kucha. Damu yake ina madhara kwako pia.

Tuje kwa nyoka. Hofu yako ina msingi, ila wa kumwogopa zaidi ni mmoja: kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe. Nyoka wengi wakisikia mtetemo wa miguu huondoka. Kifutu haondoki. Anaamini rangi yake itamficha kwenye majani makavu, anatulia tuli, na mbwa aliyeshusha pua chini anamgusa kabla ya kumwona. Ndiyo maana wengi huumwa usoni au mguu wa mbele. Sumu yake huvimbisha na kuozesha nyama, na maumivu yake ni makali mno. Jiwe la nyoka halivuti sumu, kwa sababu sumu huingia ndani ya nyama na kusambaa, haikai juu ya jeraha ikisubiri kunyonywa. Maziwa hayana kazi yoyote dhidi ya sumu iliyo mwilini. Kufunga kamba juu ya jeraha kunaifungia sumu mahali pamoja na damu isifike, hata mguu ukaoza. Kuchanja kwa wembe kunaongeza kidonda. Kinachosaidia ni kumtuliza, kumvua mkanda wa shingo kabla uvimbe haujabana, kumbeba badala ya kumtembeza, na kupiga simu kliniki mkiwa njiani ili wajiandae. Dawa ya kupinga sumu ni adimu na bei yake inatisha, lakini hata pasipo hiyo maji ya mshipa na dawa za maumivu huokoa mbwa wengi wanaofika mapema.

Kuna mahali pamoja tu ambapo maziwa ya jirani yanaweza kufaa. Swila akimtemea Simba sumu machoni, mwoshe macho hayo hapo hapo kwa kimiminika chochote kisichowasha, dakika 15 au zaidi. Maji ndiyo bora, maziwa ni afadhali kuliko kusubiri. Kisha kliniki, maana kioo cha jicho huweza kuwa kimechubuka.

Ulinzi wenyewe dhidi ya nyoka unaugharamia tayari: kamba. Mbwa aliye mita mbili kutoka kwako, katikati ya njia, hachokonoi mashimo wala kuruka magogo. Na Karura kamba ni sheria, si ombi, kwa hiyo hiyo habari ya "namfungua" tuiache kama siri yetu na isirudiwe. Mtilie mkanda wa kifuani ili akivuta asijinyonge. Humo ndani kuna paa wadogo, kuna pongo, kuna kima wanaojua kabisa mkoba gani una ndizi. Mbwa akimkimbiza kima na kumkamata, kima ndiye atakayemaliza ugomvi. Meno yake hupenya ndani kuliko unavyodhani. Wapo pia mbega, ambao walirudishwa hapo kutoka Kipipiri kwa kazi kubwa, na hawahitaji kufukuzwa na mtu wa kilo 27 anayeitwa Simba.

Nikitaja jina hilo nakumbuka simba wa kweli. Mwaka 1994, Serengeti ilipoteza karibu theluthi moja ya simba wake kwa distempa, ugonjwa wa mbwa, na virusi hivyo vilihusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani na hifadhi. Baadaye mbwa wa vijiji hivyo walianza kuchanjwa kwa wingi. Kwa hiyo chanjo ya distempa na parvo (virusi vya kuharisha damu) unayompa mbwa wako inawalinda pia wanyama ambao hamtaonana nao. Ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka, na kadi yake iwe kwenye simu yako, kwani siku Simba akimparura mtu njiani ndiyo ya kwanza kuulizwa. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Mto ndio unaonikosesha raha kuliko nyoka. Maji ya Karura yanapendeza machoni, lakini kabla ya kufika msituni yamepita nyuma ya nyumba za watu, na mvua ikinyesha yanabeba kila kilichoachwa huko, pamoja na kinyesi. Mkojo wa panya ukiingia humo unaleta leptospira, kijidudu kinachoweza kuishi wiki kadhaa kwenye tope na maji yaliyotuama na kupenya kupitia mchubuko mdogo, macho au mdomo. Kinashambulia figo na ini. Mbwa aliyeambukizwa hukitoa kwa mkojo wake, na wewe unayefua blanketi lake unakipata. Huenda unakumbuka ugonjwa uliozuka Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka 2022, watu wakivuja damu puani, hadi wizara ya afya ya Tanzania ikatangaza kuwa ni homa ya mgunda. Ndiyo hii hii. Ipo chanjo ya mbwa, mara nyingi huwa ndani ya ile sindano ya mchanganyiko; hailindi dhidi ya aina zote za kijidudu, lakini uliza kama Simba anayo.

Basi beba maji yako, lita moja na nusu kwa ajili yake peke yake, na bakuli la kukunja. Mpe kidogo kidogo kila baada ya nusu saa, kabla kiu haijamsukuma mtoni. Akiponyoka na kuingia, mwoshe kwa sabuni mkifika nyumbani na umkaushe masikio. Na kipindi cha masika msikaribie ukingo hata kwa kamba, hasa kama kumenyesha juu ya mto. Maji hupanda hata pale ulipo pakiwa pakavu, na ukingo uliolowa humomonyoka chini ya miguu ya mtu anayemvuta mbwa wake.

Kwale ni jambo jingine kabisa, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Mbwa hatoi jasho la maana isipokuwa nyayoni. Anapoza mwili kwa kuhema, yaani kwa kukausha mate ulimini. Hewa ya pwani Desemba imeshajaa unyevu, mate hayakauki, na kuhema kunakuwa kazi inayozidi kumpasha joto. Simba amezaliwa kwenye baridi ya Nairobi na pengine ana manyoya mazito ya upande wa German Shepherd. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39. Likifika 41, viungo vya ndani huanza kuharibika. Ukimwona anahema bila kukoma, ulimi umekuwa mwekundu sana, anayumba, usihangaike kutafuta gari kwanza. Mmwagie maji mengi mwili mzima papo hapo, mpepee, ndipo uondoke. Utasikia watu wakisema maji baridi yatamuua. Kinachoua ni kuchelewa. Taulo lenye maji usimfunike nalo, linageuka blanketi la mvuke.

Pia kule kuna mbung'o, hasa kandokando ya hifadhi ya Shimba Hills. Mbwa ni dhaifu sana kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Atakonda, atapata homa, na kioo cha jicho kinaingia ukungu wa rangi ya samawati, ambao watu hudhani ni mtoto wa jicho. Ukiuona ukungu huo baada ya safari, usingojee. Na mwambie daktari kwamba mlikuwa Kwale, maana wa Nairobi anaweza asiifikirie. Ndani ya hifadhi yenyewe usijaribu kumpeleka. Mbwa hawaruhusiwi, kama ilivyo kwenye mbuga zote za taifa. Kando ya mto, waulize wenyeji kuhusu mamba, na wakikuambia "zamani walikuwepo", chukulia wapo. Mamba huvizia palepale wanyama wanapozoea kunywa, na mbwa anayelamba maji kwa kelele anajitangaza.

Kama shangazi ana ua wenye kivuli na mtakaa wiki tatu, mchukue, mtembee kabla jua halijachomoza vizuri na mrudi kabla ya saa mbili. Kama ni siku nne za harusi na pilikapilika, mwache Nairobi na mtu anayemjua. Mimi ningemwacha.

Jambo dogo ambalo hukuuliza: siafu. Mvua ikikatika huvuka njia kwa mistari minene, na mbwa husimama katikati yao akishangaa kwa nini miguu inawaka. Mtoe mbio, kisha uwachambue siafu mmoja mmoja katikati ya vidole. Hawapangusiki. Vaa gumbuti kama una hekima kunizidi.

Usisubiri asubuhi ukiona mkojo wa rangi ya kahawa, fizi zilizopauka au njano, damu puani, kuyumba, uvimbe unaokua haraka, au kutapika mara kwa mara pamoja na kukataa maji. Kukataa chakula siku moja unaweza kuangalia. Siku ya pili njoo, hata kama siku ya tatu ana uwezekano wa kula.

Majibu ya damu yakiwa safi, rudini Karura wiki ijayo na kamba yenu. Yakiwa na erlikia, subirini dawa iishe na damu ipimwe tena, na wakati huo huo mimina maji ya moto kwenye nyufa za kibanda, choma lile gunia, piga dawa ya kupe iliyoidhinishwa kwa banda huku Simba akiwa mbali, urudie baada ya wiki kadhaa kwa ajili ya mayai yatakayokuwa yameanguliwa. Matembezi ya kwanza yawe ya nusu saa. Maporomoko hayahami.